Mlio wa Kipima Muda: Kujiandaa kwa Mashindano ya Bastola

Maandishi ya mazungumzo kwa wakazi wenye leseni za silaha, na kwa wale wanaotaka kuuelewa mchezo wa kulenga shabaha.



Mazungumzo ya leo yanaanza na mtu asiye na jina. Tuseme ni mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi huko Githunguri, mwanamume wa miaka arobaini na kitu, ambaye kila jioni hufunga duka akiwa na pesa za mauzo. Aliomba leseni ya bastola kwa njia halali, akachunguzwa, akapewa cheti. Kwa miaka mitatu amekuwa akiibeba kiunoni, chini ya koti. Siku aliyofundishwa kuitumia alipiga risasi chache, nyingi zikaingia kwenye karatasi, na tangu hapo hajawahi kuwa na shaka kwamba siku ya siku ikifika atajua la kufanya.

Kisha rafiki yake anamwalika kwenye mashindano ya Kirigiti.

Wenyeji husema jina Kirigiti lilitokana na kriketi, mchezo waliouleta wakoloni, kwa hivyo mahali hapo si pageni kwa michezo iliyotoka mbali. Siku hizi kuna uwanja wa shabaha wa chama cha kitaifa cha wamiliki wa bunduki, na miongoni mwa mashindano yanayofanyika ni yale ya mfumo wa IDPA, ulioanzishwa Marekani mwaka wa 1996. Mfumo huo uliundwa kwa ajili ya bastola za kawaida, zile ambazo mtu hubeba kila siku chini ya nguo. Mshindani hasimami mahali pamoja akilenga duara moja. Hupita vituo kadhaa, na kila kituo kina kisa chake: mlango wa duka, gari lililosimamishwa, ukuta wa kujikinga. Shabaha ni sanamu za kadibodi. Nyingine ni za wahalifu. Nyingine zimechorwa mikono mitupu, kuonyesha kwamba huyo ni raia, na yeyote atakayempiga ataadhibiwa.

Katika kituo cha tatu, mfanyabiashara huyo anasikia mlio wa kipima muda. Anachomoa bastola haraka kuliko alivyowahi kuichomoa. Anafyatua, anasonga, anafyatua tena. Watu nyuma yake wanashangaa kasi yake. Mwamuzi anapokwenda kuhesabu matundu, anakuta moja liko begani mwa sanamu ya raia aliyesimama kati ya wahalifu wawili.

Kadibodi haitoki damu. Tundu hubandikwa kipande cha karatasi, mshindani wa pili anaitwa. Lakini mtu huyo ataendesha gari hadi nyumbani akijua jambo ambalo asubuhi hakulijua: kwamba kwa miaka mitatu alikuwa akipita katikati ya watu sokoni akiwa na bastola ambayo hakuwa na uhakika nayo. Hii ndiyo sababu mchezo huu unawahusu hata wakazi ambao hawatagusa bunduki maishani mwao.

Hesabu ya sekunde

Mtu mpya hudhani mshindi ni yule anayefyatua upesi. Ni kosa linaloeleweka, kwa sababu kipima muda ndicho kinacholia na ndicho kinachosikika. Lakini katika IDPA muda ni nusu ya hesabu tu. Katikati ya kifua cha kila sanamu kuna duara la inchi 8. Risasi ikiingia humo haiongezi kitu. Ikiingia sehemu inayofuata inaongeza sekunde 1, sehemu ya pembeni zaidi sekunde 3, na ikikosa sanamu kabisa, sekunde 5. Kumpiga raia huongeza sekunde 5. Kukosea utaratibu wa kituo, kwa mfano kufyatua ukiwa nje ya kinga pale unapotakiwa kujikinga, huongeza sekunde 3.

Sasa zichukuliwe namba za mfano. Mfanyabiashara amemaliza kituo kwa sekunde 15.80. Risasi zake zimetawanyika, zimemletea sekunde 9 za adhabu, na raia amemletea 5. Jumla ni 29.80. Baada yake anaingia mwalimu mstaafu, mama mwenye miwani, anayetembea kituoni kama mtu anayetafuta funguo zake. Anachukua sekunde 21.40, anapoteza sekunde 1 tu. Jumla ni 22.40. Amemshinda kwa zaidi ya sekunde 7, na hakuna aliyeshangilia alipokuwa akifyatua.

Haraka haraka haina baraka, ndivyo wazee walivyosema, ingawa katika mchezo huu msemo huo unahitaji kutiliwa mpaka. Polepole nayo haishindi. Mama yule hakuwa mzito. Alikuwa hafyatui kabla ya macho yake kuona alama ya mbele ya bastola ikiwa imetulia juu ya shabaha, na alipoiona hakusubiri zaidi. Muda ambao mshindani mzuri huokoa hautoki kwenye kidole. Unatoka kwenye mambo yaliyo kati ya risasi na risasi: kuchomoa bastola bila kupapasa koti, kubadilisha magazini bila kuitafuta mfukoni, kufika kwenye kona miguu ikiwa tayari imekaa sawa. Mambo hayo yote yanaweza kufanyiwa mazoezi bila kutumia risasi hata moja.

Kwanza, kutofukuzwa

Kabla ya kufika huko, kuna jambo ambalo halina mjadala. Mshindani anaweza kuwa wa mwisho kwenye orodha na bado akarudi nyumbani kwa heshima. Anayevunja kanuni ya usalama anaweza asimalize mashindano. Cheo chake nje ya uwanja hakimsaidii.

Makosa yanayowafukuza watu ni machache na yanafahamika. Kuelekeza mtutu nje ya mpaka uliowekwa, mara nyingi wakati mtu anapogeuka au anaporudi nyuma. Kuacha kidole ndani ya kifyatulio huku anatembea au anabadilisha magazini. Risasi kutoka bila kukusudiwa. Kuishika bastola mahali pasiporuhusiwa, hata ikiwa tupu, hata kama alitaka tu kumwonyesha mwenzake. Na kuiangusha.

Hili la kuangusha lina undani wake. Mtu akiangusha kitu, mkono hukifuata wenyewe kabla ya akili, kama mama anavyodaka kikombe. Bastola inayoanguka ikidakwa, kidole kinaweza kuingia kwenye kifyatulio na risasi ikatoka. Kwa hivyo kanuni ni kuiacha ianguke. Ikiwa chini, mwenyewe haiinui. Mwamuzi wa usalama ndiye huiokota, akaikagua na kuitoa risasi. Mshindani mpya anapaswa kuliambia hili kwa sauti kabla ya siku ya kwanza: ikianguka, niiache.

Uwanja wenyewe huwa baridi, maana yake kila bastola huwa tupu ndani ya ala yake mpaka mwenyewe aitwe kituoni na kuamriwa kuijaza. Kuna meza maalum ya usalama ambapo mtu anaweza kuitoa bastola, kuikagua au kurekebisha mkanda. Mezani hapo risasi haiguswi kabisa. Amri za mwamuzi ni zilezile kila mahali: jaza na ujitayarishe, je uko tayari, subiri. Halafu mlio. Mwisho, mshindani hutoa magazini, huvuta slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma kila risasi inapotoka, mwamuzi hutazama chumba cha risasi kwa macho yake mwenyewe, na ndipo hutangaza kwamba uwanja uko salama. Mwenye kuyasikia maneno hayo kwa mara ya kwanza siku ya mashindano amechelewa. Anayajua yule aliyekuja mwezi mmoja mapema, akakaa nyuma ya mstari na vikinga masikio, akatazama.

Chumba kisicho na risasi

Ulengaji shabaha una gharama. Risasi ni ghali, na cheti cha silaha hutaja kiasi cha risasi ambacho mwenye leseni anaruhusiwa kuwa nacho. Hakuna mkazi wa kawaida anayeweza kujifunza kwa kufyatua maelfu. Kwa bahati nzuri, hata walio na uwezo hawafanyi hivyo. Sehemu kubwa ya maendeleo katika mchezo huu hupatikana kwa mazoezi makavu: kurudia kila tendo kwa bastola tupu, dakika 10 au 15 kwa siku, nyumbani.

Neno hilo, nyumbani, ndilo linalopaswa kumfanya mtu asite. Nyumbani kuna watoto. Kuna msaidizi wa kazi, kuna jirani anayepita kuazima chumvi. Mazoezi makavu yamewahi kuwa chanzo cha ajali kwa watu waliokuwa na hakika kwamba bastola ni tupu, na mara nyingi ajali hutokea mwishoni, baada ya mtu kumaliza, kuijaza bastola kwa ajili ya kutoka, kisha kuamua kurudia mara moja ya mwisho.

Kwa hivyo utaratibu hauna njia ya mkato. Risasi zote hutolewa na kufungiwa katika chumba kingine. Bastola hukaguliwa kwa macho na kwa kidole, mara mbili. Shabaha ya karatasi hubandikwa kwenye ukuta imara ambao nyuma yake hapakai mtu. Ukuta wa mabati au wa mbao haufai. Mlango hufungwa. Mazoezi yana mwanzo na yana mwisho, na yakiisha karatasi hutolewa ukutani, ili jicho lisije likavutwa kwayo baadaye. Simu huachwa nje. Mtu aliyekatizwa na simu katikati ya mazoezi huanza ukaguzi upya, bila kujali kwamba amekumbuka au anadhani amekumbuka.

Ndani ya dakika hizo 15 kuna mengi ya kufanya. La kwanza ni mshiko. Mkono wenye nguvu hushika juu kabisa ya mpini, ule mwingine huujaza upande uliobaki, na vidole gumba vyote viwili huelekea mbele. Mshiko ukiwa sawa, bastola hurudi yenyewe kwenye shabaha kila inaporuka. Ukiwa mbaya, mtu hurekebisha mikono kila baada ya risasi, na hapo ndipo sekunde huvuja.

La pili ni kifyatulio, na hapa ndipo penye kazi. Shilingi moja huwekwa juu ya slaidi, karibu na alama ya mbele. Mtu hulenga na kubonyeza mpaka asikie mlio mdogo wa chuma. Ikiwa shilingi imeanguka, mkono ulitikisika. Zoezi hili halina burudani yoyote. Wengi huliacha siku ya tatu. Anayelifanya kwa mwezi mzima atajishangaa uwanjani.

La tatu ni kuchomoa, akiwa amevaa koti lilelile atakalovaa siku ya mashindano. Kuondoa koti, kushika, kuinua, kukutanisha mikono kifuani, kusukuma mbele. Kwanza bila saa kabisa, mpaka kila hatua iwe laini. Baadaye, kwa programu ya simu inayolia mara mbili, anaweza kujipa sekunde 2 kati ya mlio wa kwanza na wa pili, halafu kupunguza kidogo kidogo. Akianza kupapasa, anarudi nyuma. Na bastola hurudishwa kwenye ala polepole, macho yakitazama, siku zote. Hakuna mashindano duniani yanayotoa zawadi kwa kurudisha bastola haraka.

Mwili unaojitetea

Katika uwanja halisi, adui wa kwanza wa mshindani ni mwili wake. Binadamu akijua kwamba kishindo kinakuja mbele ya uso, hukaza misuli kabla hakijafika. Mkono hubana, mtutu huinama, na risasi huingia chini ya pale ilipolengwa. Kwa anayetumia mkono wa kulia, mara nyingi huwa chini na kushoto. Mwenye bastola huilaumu bastola. Huenda kwa fundi arekebishiwe alama za kulengea. Bastola haina kosa.

Ugonjwa huu hautibiki mpaka umeonekana, na kuna njia rahisi ya kuuona. Mwenzake hujaza magazini kwa siri, akichanganya risasi za kweli na mbili au tatu za bandia zisizo na baruti. Mshindani hufyatua bila kujua ipi inafuata. Ikifika ya bandia hapatokei kishindo, na kila aliyepo huona mtutu ukiinama wenyewe kama kuku anayedonoa. Hapana haja ya mwalimu kusema neno. Wengi hucheka, kisha wanyamaze. Dawa ni ileile: kurudia zoezi hilo mpaka mtutu utulie, kukaza mshiko, na kuacha kifyatulio kibonyezwe kwa mwendo mmoja usio na kituo.

Ni vyema pia mtu atumie risasi chache alizo nazo kwa mpango. Kwenda uwanjani na risasi 50 na kuzimaliza kwa shangwe kwa umbali wa mita 3 ni kununua moshi. Risasi 10 kwa mita 15, polepole, ili kuona zinakusanyika wapi. Kumi nyingine kwa mkono mmoja wenye nguvu, na tano kwa mkono dhaifu, kwa sababu kituo cha mkono mmoja hutokea mara kwa mara na huwaumbua walio wengi. Zilizobaki kwa kuhama kutoka shabaha moja hadi nyingine, jicho likitangulia na bastola ikilifuata. Yote huandikwa kwenye daftari: tarehe, umbali, ngapi ziliingia, ngapi zilitoka. Kumbukumbu ya mtu humpendelea mwenyewe; daftari halina upendeleo.

Kuhusu mkono dhaifu, historia ya mchezo ina mtu wa kukumbukwa. Károly Takács alikuwa mwanajeshi wa Hungary na mlengaji hodari wa bastola. Mwaka wa 1938, katika mazoezi ya kijeshi, guruneti lilimlipukia na kuuharibu mkono wake wa kulia, ule aliolengea. Alipotoka hospitalini alianza kujifunza kwa mkono wa kushoto, kimya kimya, na mwaka uliofuata akashinda ubingwa wa nchi yake. Michezo ya Olimpiki ya 1940 na 1944 haikufanyika kwa sababu ya vita. Alisubiri. Mwaka wa 1948 mjini London alishinda dhahabu ya bastola ya mita 25, na mwaka wa 1952 mjini Helsinki akaitwaa tena. Mkono wa kushoto haukuwa na kipaji chochote cha siri. Ulipewa kazi ambayo mikono mingi ya kushoto haipewi.

Vifaa, na mtu wa Uturuki

Swali linaloulizwa sana na wanaoanza ni bastola ipi inunuliwe. Jibu fupi ni ileile aliyo nayo, mradi ni nzima na imo kwenye cheti chake. Cha kununua, kama kuna fedha, ni ala imara inayofunika kifyatulio na isiyolegea, mkanda mgumu unaoibeba bila kuinama, magazini za ziada, miwani ya kukinga macho na vikinga masikio vizuri. Magazini ziandikwe namba. Bastola ikikwama mara tatu siku moja na mara zote ikawa ni namba 3, shida imejulikana. Bila namba, mtu ataishuku bastola mwaka mzima.

Katika Olimpiki za Paris 2024, picha ya Mturuki Yusuf Dikeç ilizunguka dunia nzima, na hapa nyumbani vijana waliisambaza kwa vichekesho. Alikuwa na umri wa miaka 51, amevaa fulana na miwani ya kawaida, mkono mmoja mfukoni, huku wengine wakiwa na lenzi maalum. Yeye na Şevval İlayda Tarhan walipata fedha katika bastola ya upepo ya mita 10 kwa timu mseto, medali ya kwanza ya Uturuki katika ulengaji shabaha. Wengi walisoma picha hiyo kama mzee aliyetoka dukani akapita kulenga. Ukweli ni kwamba hizo zilikuwa Olimpiki zake za tano. Bastola ya mita 10 hulengwa kwa mkono mmoja kwa mujibu wa kanuni, na mkono wa pili huwekwa mfukoni au kiunoni ili mwili usiyumbe. Hakikuwa kiburi. Kilichofanya vifaa vyake vionekane vichache ni miaka ya mazoezi ambayo kamera haikuwepo.

Siku yenyewe

Usiku wa kuamkia mashindano si wakati wa kufanya mazoezi. Ni wakati wa kusafisha, kupanga mfuko, kuhakikisha cheti kipo na kulala. Hakuna kitu kipya kinachoingia siku hiyo: si ala mpya, si viatu vipya, si aina mpya ya risasi.

Hali ya hewa ya kaunti hii nayo ni mshindani. Mwezi wa Julai, ukungu ukishuka kutoka upande wa Limuru, vidole hufa ganzi, na kidole chenye ganzi hakihisi kifyatulio. Glavu za kuvaa kati ya kituo na kituo, na chai ya moto kwenye chupa, ni vifaa vya mchezo kama vilivyo vingine. Wakati wa mvua ndefu udongo mwekundu huteleza. Viatu viwe na meno. Jua likiwaka, maji na kofia. Watu hupoteza umakini saa nane mchana kwa sababu hawakunywa maji tangu asubuhi, halafu wanasema bahati haikuwa yao.

Kituoni, kila kundi hupewa nafasi ya kutembea na kukagua kabla ya kufyatua. Wageni huitumia nafasi hiyo kupiga gumzo. Wazoefu huhesabu. Shabaha ngapi, risasi ngapi kila moja, raia yuko wapi, magazini itakwisha wakati yuko wapi, na je, anaweza kuibadilisha akiwa nyuma ya kinga. Kisha mtu husimama pembeni, hufumba macho, na kukipita kituo chote kichwani mara tano au sita mpaka kiende bila kukwama. Anayefumba macho na kujikuta hajui shabaha ya nne iko wapi amepata onyo bila gharama.

Mlio ukilia, mpango ni mmoja: kuuona mbele ya bastola kila mara kabla ya kubonyeza. Mapigo ya moyo yatapanda, hayazuiliki. Pumzi ndefu moja kabla ya neno la mwamuzi husaidia. Risasi ikikosa, haiokolewi kwa kuharakisha inayofuata. Raia akiwa karibu na mhalifu, mshindani anaweza kupiga hatua moja pembeni kubadilisha pembe kama kituo kinaruhusu, au kuchukua nusu sekunde zaidi. Nusu sekunde ni bei ndogo kuliko 5.

Baada ya hapo

Matokeo yakitolewa, watu hutafuta jina lao kwenye orodha, wakaona nafasi, wakakunja karatasi. Nafasi haimfundishi mtu kitu, kwa kuwa inategemea nani alikuja siku hiyo. Chenye faida ni kituo kimoja kimoja: muda ulikuwa ngapi, adhabu ilikuwa ngapi. Ambaye adhabu zake ni nyingi kuliko za wenzake anahitaji kulenga. Ambaye hana adhabu lakini muda wake ni mrefu anaweza sasa kuanza kusukuma kasi. Aliyepoteza sekunde 3 kwa kukosea utaratibu hakusoma maelezo. Jambo moja, au mawili, ndiyo huingizwa kwenye mazoezi ya mwezi unaofuata. Mwenye kujaribu kurekebisha saba kwa pamoja hairekebishi hata moja.

Kabla ya kula chochote uwanjani, mikono ioshwe kwa maji baridi na sabuni. Neno risasi katika Kiswahili ndilo jina la madini yenyewe, na madini hayo ni sumu. Vumbi lake hukaa kwenye vidole na nguo, na anayeumia zaidi ni mtoto mdogo anayekimbia kumkumbatia baba mlangoni. Nguo za uwanjani zifuliwe peke yake.

Na cheti si mali ya mtu. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inakataza kumiliki bunduki au risasi bila cheti, na mwishoni mwa mwaka wa 2018 serikali iliagiza wamiliki wote wenye leseni wachunguzwe upya. Mwenye kumazisha mwenzake bastola kwa ajili ya mashindano, au kuiacha kwenye gari akila nyama choma baada ya zawadi kutolewa, hajawahi kuwa mwanamichezo. Kutoka uwanjani, bastola huenda moja kwa moja kwenye sanduku lake la kufungwa.

Yule mfanyabiashara wa Githunguri alirudi Kirigiti baada ya miezi minne. Hakushinda. Mwalimu mstaafu alikuwa tena juu yake, na safari hii hata kijana wa miaka ishirini na saba alimpita. Usiku ule, baada ya kuosha mikono na kufunga sanduku, aliketi mezani na daftari lake. Aliandika tarehe. Chini yake akaandika: vituo sita; mkono wa kushoto bado; raia, hakuna aliyepigwa; magazini namba 3 ibadilishwe springi.